Nyayo Zinazoishia Migombani

Ipyana, Jumamosi, 12 Novemba 1910

Leo nimenunua chungu, na soko zima limenicheka.

Vyungu huku vinaletwa ziwani kwa mitumbwi na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kule chini ya milima ya mashariki, na bei yake sijapata kuiona kwingine. Chungu unakijaza mpunga mpaka mdomoni. Mpunga unabaki kwa mwenye chungu, chungu unaondoka nacho wewe. Basi nikafikiri kama mtu mwenye akili zake: nyumbani tuko watatu, Hezroni, Mika na mimi. Nikachagua kidogo. Mfinyanzi, mama mmoja mnene aitwaye Marita, akakigeuzageuza, akasema neno, wanawake wote wakashikana mabega kwa kicheko.

Mika ana miaka kumi na mmoja, na hapa hajamaliza hata miezi mitatu, lakini lugha yao amekwisha kuidaka. Nikamwuliza amesemaje. Akatazama chini.

"Anauliza kama unampikia paka, mama."

Nitaandika kila ninapopata nafasi. Hezroni ni mzaliwa wa hapa. Alikuja kwetu Bonde kuchonga milango, akanioa, na sasa amenileta kwao, ambako sina wa kuongea naye Kiswahili ila yeye na mtoto. Naye Hezroni akila huwa bubu.

Jumanne, 15 Novemba

Nimepata mtu wa tatu. Jirani yetu Neli anajua Kiswahili kidogo, alikiokota kwa wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakipita kwenda Karonga. Kuuliza si ujinga, basi nilimwuliza mpaka akachoka: vile vibanda vya matete ng'ambo ya kijito ni vya nani? Nilidhani ni vya kuku.

"Vya watoto," akasema. "Wavulana. Anyitike wangu yuko huko."

"Wanacheza huko?"

"Wanalala huko."

Nikadhani Kiswahili kimempotea. Hakikumpotea. Huku mvulana akishafika umri wa Mika hujitoa nyumbani, hujenga na wa rika lake, hulala huko. Mtoto mkubwa kulala nyumba moja na baba yake ni aibu. Kwa mama hurudi kula tu. Neli aliniambia hayo huku akimenya ndizi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

"Na nani anawaangalia?"

"Wanaangaliana. Ni ukwangala, Mama Mika. Kukaa na wenzako, kula, kuongea, kucheka. Mtu asiyekaa na wenzake, akili anaitoa wapi?"

Kwetu akili anaipata kwa mama yake, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sikumwambia. Nilimaliza ndizi zangu nikarudi nyumbani.

Jumatano, 16 Novemba

Mika amekuja na ombi lenyewe. Anataka kuhamia vibandani. Nikamtazama baba yake, baba yake akatazama randa yake.

Nimetoa sheria. Siku za shule acheze atakavyo, lakini kengele ya sala ya jioni ikilia kanisani awe mlangoni kwangu. Jumamosi anaweza kukaa na wenzake mpaka giza liingie. Kulala huko, hapana. Kabla yake nilizaa wawili na kuzika wawili. Huyu sikumleta safari yote hii nije nimgawe kwa kijiji.

Mika hakulia. Alisema "ndiyo, mama" kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumapili, 27 Novemba

Mzee wa kanisa amenisifu mbele ya watu baada ya ibada. Mtoto aliyebatizwa, akasema, halali kwenye vibanda vya ngoma na maneno machafu, na wengine waige mfano wa Mama Mika. Nilitembea njia nzima shingo imenyooka. Hakuna mwanamke aliyetembea nami.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua. Mvua ya Bonde hunyesha. Hii inamwagwa.

Ijumaa, 16 Desemba

Mika anakuja mlangoni kengele ikiwa bado inalia. Kila siku. Sheria nzuri haihitaji fimbo.

Jambo moja tu: hataki kula. Namwekea chakula, anakidonoa, anasema ameshiba. Hakuna mtoto anayeshiba kwa kucheza.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimempa mafuta ya nyonyo, maana hawa watakuwa minyoo.

Jumanne, 20 Desemba

Si minyoo.

Jumamosi, 14 Januari 1911

Kuna wimbo. Kila jioni, Mika akishaingia ndani, nasikia watoto wakiimba kule njiani, kwa sauti ya kupasua koo, wakienda zao kijitoni. Mmoja anaita, wengine wanaitikia. Mwanzo nilipenda kuusikiliza. Leo nimegundua kwamba hauanzi mpaka mlango wangu ufungwe. Nimemwuliza Mika wanaimba nini. "Wanaimba tu."

Nadhani wananiimba mimi. Mwanamke wa chungu kidogo.

Alhamisi, 26 Januari

Nzi wa ziwani wametanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua. Neli anasema upepo ukiwaleta ufukweni watu huwakamata na kuwala. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Jumatatu, 6 Februari

Nimeona kitu cha ajabu. Asubuhi nilikwenda kukata jani la mgomba, nikakuta pale migomba yetu inapoishia tope lote limekanyagwa. Nyayo ndogondogo, nyingi, zinakuja kutoka kijitoni mpaka mgomba wa mwisho. Hapo zinasimama, zimesongamana, halafu zinageuka na kurudi zilikotoka. Jozi moja tu inaendelea mpaka mlangoni kwangu. Hiyo naijua, kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimepinda. Ni Mika.

Nilikagua mikungu yote. Hakuna ndizi iliyoguswa.

Jumatano, 8 Februari

Jana mvua ilifuta kila kitu. Leo nyayo zipo tena, zimeishia pale pale.

Nilimwonyesha Hezroni. Alisimama na msumeno begani, akazitazama kwa muda mrefu kuliko nyayo zinavyostahili.

"Ukiona nyayo nyingi," akasema, "jua watu walikuwa wengi."

"Wanataka nini hapa?"

"Wewe ndiye mpelelezi wa boma. Peleleza."

Akacheka peke yake. Mwanaume akijua jambo hutembea tofauti, na Hezroni leo ametembea hivyo kutwa nzima.

Jumanne, 14 Februari

Macho hayana pazia. Kabla ya kengele nilikaa nyuma ya ghala na ungo wangu, najifanya napepeta. Nikawaona wakija, kundi zima, Mika katikati. Anyitike wa Neli ndiye aliyekuwa mbele, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, ameshika fimbo. Walipofika mgomba wa mwisho wakasimama. Mika akasema kitu, wakacheka, akaja peke yake. Wale wakabaki wamesimama wanautazama mlango wangu mpaka akaingia.

Sasa nimeelewa: wanamvuta. Wanasimama pale kila jioni kumwonyesha anachokosa. Nimekasirika hata nikaunguza ndizi.

Jumatano, 15 Februari

Nimemkataza Mika asiwalete karibu na migomba. Akaniuliza waishie wapi. Nikasema kijitoni, kwenye lile gogo la kuvukia.

Alhamisi, 16 Februari

Leo tope ni safi. Nyayo za Mika peke yake. Nimefurahi, na furaha yenyewe haina ladha.

Ijumaa, 3 Machi

Hezroni ameitwa bomani Tukuyu kutengeneza milango ya Wajerumani. Hajui atarudi lini. Akiwa ameshafunga mzigo wake alisema, kama kwa bahati, "Maji ya kijito yakipanda, lile gogo linateleza." Nikasema Mika si mjinga. Akasema, "Sikumtaja Mika."

Jumanne, 14 Machi

Mto Kiwira umevuka kingo. Viboko wanakuja mpaka kwenye mpunga wa watu, na asubuhi unakuta wamepita katikati ya shamba. Neli hakuniamkia leo. Nilisema "Mugonile" mimi, kwanza, kwa lugha yake. Akaitikia akiwa anatazama chungu chake.

Jumanne, 21 Machi

Nitaandika usiku huu huu, maana nisipoandika leo, kesho nitajidanganya.

Kengele ililia mvua ikiwa nyepesi. Mika akaja, akanawa, akakaa. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo. Wimbo ukaanza kule kijitoni, yule mmoja anaita, wengine wanaitikia. Nilikuwa nakoroga uji. Halafu wimbo ukakatika. Haukuisha. Ulikatika katikati, mwitaji ameita na hakuna aliyeitikia.

Mika alisimama kabla yangu. Nikamwambia kaa. Huyu mtoto aliyesema "ndiyo, mama" tangu Novemba akanitazama, akasema, "Ni Anyitike," akatoka akikimbia.

Nilimfuata bila kujifunika. Pale gogoni maji yalikuwa yamepanda, rangi ya kahawa, yanavuma. Watoto walikuwa upande wetu na upande wao, wengine ndani ya maji mpaka kifuani, wameshikana mikono kama kamba, na mwisho wa kamba ile yuko Anyitike amekumbatia mzizi. Hawakupiga kelele. Nilitegemea kelele za watoto. Mkubwa wao alikuwa akiwaambia mmoja mmoja la kufanya, nao wanafanya. Mika akaingia akawa kiungo cha kamba. Nikamwita mara moja tu, kisha nikaingia na mimi, nikamshika mwanangu kiuno, nikavuta walipovuta.

Mguu wa Anyitike umevunjika chini ya goti. Aliteleza kwenye gogo akirudi. Akirudi kutoka wapi? Nilimwuliza Mika swali hilo tukiwa tunatembea nyuma ya waliombeba, na jibu lake nitaliandika lilivyo.

"Kutoka kunileta mimi, mama."

Kila jioni tangu Novemba. Njia ina viboko, na chui alionekana mwezi wa kwanza, na desturi yao ni kwamba mtu wa rika hatembei peke yake jua likishazama. Mama amesema Mika awe nyumbani kengele ikilia, basi Mika atafikishwa. Walikuwa wanamleta mpaka migombani, wananisubiri nifunge mlango, kisha wanarudi gizani wakiimba ili mnyama asikie na ili kila mmoja ajue wenzake wapo. Anayeita anaita jina. Mwenye jina anaitikia. Huo ndio wimbo niliodhani unanicheka.

Nilipowakataza migombani wakawa wanaishia gogoni, kama nilivyotaka. Wanavuka naye mpaka upande wetu, wanasimama kumsikiliza akiimba mpaka mlangoni, halafu wanavuka tena kurudi kwao. Hivyo tangu mwanzo, kwa ajili yangu walikuwa wanalivuka gogo mara mbili kila jioni, na leo mara ya pili ilimshinda Anyitike. Sheria yangu ilimweka mwanangu ndani na ikawaweka wana wa wenzangu majini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza na mchana."

Ni kweli. Ningemkataza.

Jumatano, 22 Machi

Nimekwenda kwa Neli. Nilipiga magoti mlangoni, maana nimeona wanawake wa hapa wakifanya hivyo. Ndani mganga wa mifupa alikuwa anaufunga mguu kwa vipande vya mwanzi. Anyitike alikuwa ameuma kitambaa, macho yanamtoka, lakini aliponiona akakitoa mdomoni kwanza ili aniamkie.

Neli alitoka. Nilijiandaa kwa matusi.

"Mvua imemvunja," akasema. "Si wewe. Mvua haina mama. Lakini nina swali, Mama Mika, nimelibeba tangu mwaka jana."

"Uliza."

"Jioni zote hizo walizomleta mwanao kwako. Walikula nini?"

Nikasema hawakula kitu. Hawakuwahi kuingia.

Akanitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia. Ndipo akaniambia. Hawa watoto hula kwa zamu ya mama: leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote pamoja kutoka chungu kimoja. Mika amekula kwa Neli. Amekula kwa kila mwanamke wa upande huu, alasiri baada ya alasiri, na zamu ikifika kwangu wanaruka nyumba yangu kama vile haipo. Mimi huku nampa mtoto mafuta ya nyonyo kwa sababu ameshiba vya wenzangu.

"Sisi tulisema ni uchoyo," akasema Neli. "Anyitike alitukataza. Alisema Mama Mika si mchoyo, chungu chake tu ndicho kidogo."

Niliona aibu. Naiandika hivyo, bila kuipamba. Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini mimi mchana ulikuwepo na tope lilinionyesha. Niliziona nyayo, nikauliza wanataka kumchukua nani. Sikuuliza wanamleta nani.

Jumamosi, 8 Aprili

Mitumbwi ya Ikombe imekuja, ya kwanza tangu maji yachafuke. Nilibeba mpunga wangu wote kichwani. Marita alikuwa na chungu kimoja kikubwa, tumbo kama la ng'ombe mwenye mimba, amekikalia kama kiti. Nikasema nakitaka hicho.

Akaninyanyulia nyusi. "Paka amezaa?"

"Amezaa wengi," nikasema, kwa Kinyakyusa nilichojifunza kwa Mika.

Wanawake wakacheka, na safari hii nilikuwa ndani ya kicheko. Nikaanza kumimina. Chungu kikanywa mpunga, kikanywa, nami nikaona mavuno yetu yakiingia shimoni. Mpunga ulipobakiza kama kiganja kimoja kufika mdomoni, kikapu changu kikawa kitupu. Marita akakitikisa chungu mpunga utulie, ukashuka zaidi. Nikadhani amekataa. Halafu Neli, ambaye sikujua kuwa yuko nyuma yangu, akafungua kikapu chake akamimina mpaka mdomoni bila kunitazama.

"Ndaga fijo," nikamshukuru.

"Utapika lini?" akauliza.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Hezroni amerudi. Nilimpokea mzigo, nikampa maji, kisha nikamwuliza kama alijua. Akasema alijua.

"Na ukaninyamazia."

"Uliniambia kule Bonde, kabla hatujafunga safari, kwamba mtoto ni wako kumlea. Nikakubali." Akanywa maji. "Na mimi nilisindikiza wengi pale, Elizabeth. Nilitaka uone mwenyewe. Sikujua mtu ataumia."

Nilimkasirikia mpaka sala ya jioni.

Jumatano, 19 Aprili

Hezroni ametengeneza daraja kijitoni. Amekata magogo mawili, ameyaunganisha na kuyachonga juu yawe bapa, na kuweka kamba ya kushika. Hakusema ni kwa ajili ya nani.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimepika. Ndizi, samaki wa ziwani, mboga, chungu kimejaa mpaka mdomoni kama siku kilipojaa mpunga. Neli alikaa kando akinielekeza kwa kidevu.

Walikuja alasiri, Anyitike mgongoni kwa mkubwa wao, mguu umenyooka mbele kama mti wa mtumbwi. Walisimama kwenye mgomba wa mwisho. Hawakuvuka. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewakataza, nikaenda mwenyewe kuwaita, na kumbe katikati yao amesimama Mika, naye anasubiri kukaribishwa nyumbani kwake.

Walikula kwa utaratibu ambao kwetu hata wazee hawana. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyekomba kabla mwenzake hajashiba, na Anyitike alikuwa anamegewa samaki upande usio na miiba. Maneno machafu ya mzee wa kanisa niliyasubiri. Wao walibishana iwapo kiboko huota ndoto. Walipomaliza, kila mmoja kwa zamu yake alinishukuru: "Ndaga, mama." Mika pia. Hakuwahi kunishukuru kwa chakula maisha yake yote.

Kengele ikalia. Wakasimama. Mika akabaki amekaa, maana sheria bado ipo.

"Nani anambeba Anyitike?" nikauliza.

"Sisi."

"Na mimi nataka kumsindikiza, mama," akasema Mika. "Ilikuwa zamu yake siku zote. Sasa ni yangu."

"Na wewe utarudije?"

"Watanirudisha."

"Na wao, nani atawarudisha?"

Wakatazamana. "Mika," akasema mdogo wao, na wengine wakaangua kicheko, kwa maana wangekwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jogoo awike.

Nami nilikuwa nimefungua kinywa nicheke nao, nikakwama. Miezi mitano nimeuliza kwa nini watoto hawa wanalala pamoja. Nimemwuliza Neli, nimemwuliza Hezroni, nimeuliza mpaka tope. Kumbe ni hivi tu: wakilala pamoja hakuna anayebaki njiani.

Nikaingia ndani nikakunja mkeka wa Mika. Ulilia masikioni mwangu kama mlango mzito unaofungwa. Nilimpa mkononi. Nikamwambia sheria mpya: siku za shule alale na wenzake, Jumamosi ni yangu, kengele ikilia awe mlangoni, na Jumapili kanisani akiwa ameoga. Hezroni alikuwa ameinamia randa yake, lakini hakuwa anaranda kitu.

Mlango nimeuacha wazi nisikilize. Mwitaji aliita majina yao mmoja mmoja, wakaitikia. Nilisikia "Mika" na nikasikia sauti yake ikijibu, mbali kidogo kuliko ninavyopenda. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumapili, 23 Aprili

Mzee wa kanisa amesema atakuja kuzungumza nami. Nitampa chakula kwanza.

Jumamosi, 6 Mei

Mvua imekatika. Tope linaanza kukauka na nyayo zimeganda ndani yake, kwenda na kurudi, na sasa zinafika mpaka mlangoni.

Leo ni siku yangu. Nimefagia, nimetandika mkeka mmoja, nimepika kwa chungu kidogo, maana nilisema leo tutakuwa watatu kama zamani. Kengele ikalia. Mika akawa mlangoni ikiwa bado inalia, kama tulivyopatana.

Nyuma yake walikuwa wote, kila mmoja na mkeka wake kichwani.

"Mmekuja kumleta?" nikauliza.

"Ndiyo, mama," akasema Anyitike, ameegemea fimbo.

"Na mikeka?"

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. "Tukishamfikisha, mama, nani atatusindikiza kurudi?"

Hezroni ametoka nje kucheka. Nimeteremsha chungu kikubwa. Naandika haya nimekaa kizingitini, kwa sababu ndani hakuna tena pa kukanyaga.